Mcheza Kwao Hutuzwa: Salamu kwa Majirani Zetu wa Onondaga

(Maneno haya niliyasema Jumamosi jioni kwenye mkutano wa familia zetu hapa Syracuse, jimbo la New York. Wengi mlikuwa zamu ya usiku, mkaniomba niyaandike. Nimeyaacha kama nilivyoyasema.)

Wazee wangu, kina mama, ndugu zangu, na ninyi watoto mliobanana kule karibu na mlango: hamjambo?

Nimeombwa niseme na vijana kuhusu michezo. Nitasema kuhusu michezo, lakini mnivumilie, maana mchezo ninaoutaka utatupitisha vitani, utatufikisha Geneva, utatukwamisha uwanja wa ndege, ndipo uturudishe hapa.

Naanza na swali. Ukitoka hapa ukashika barabara ya 81 kwenda kusini, dakika chache tu baada ya kuuacha mji, unafika wapi? Najua mtakavyojibu. Wengine mtasema hiyo ni njia ya Binghamton. Wengine mtasema pale ndipo penye sigara za bei nafuu. Mimi mwenyewe nilijibu hivyo kwa miaka. Kumbe pale ni nchi. Nasema nchi, wala sijateleza ulimi. Ni nchi ya Waonondaga. Wana machifu wao, wana mama wa koo wanaowachagua machifu hao na kuwavua wakikosea, wana sheria yao. Bendera ya Marekani hawaipandishi.

Siku tulipofika mji huu na ile mifuko myeupe ya plastiki ya IOM, shirika lililotusafirisha sisi wakimbizi, mikononi, tulifundishwa mengi. Tulifundishwa kupanda basi. Tulifundishwa kuvaa viatu vya theluji. Nani alitufundisha kwamba tumefikia ardhi ya nani? Kwetu, uwe umetoka Uvira, Fizi, Bujumbura au Kismayu, mgeni akiingia kijijini hupelekwa kwanza kwa mwenyeji akasalimie. Kabla ya maji, kabla ya kutua mzigo, salamu. Sisi tuna miaka hapa na hatujasalimia. Basi haya ninayosema leo yahesabuni kuwa ni salamu iliyochelewa. Nimechagua kuipitisha kwenye timu yao.

Tazameni fimbo hii. Mpini ni wa aluminiamu, kichwa ni cha plastiki, na humu ndani mna wavu wa nyuzi. Mpira ndio huu, wa raba, mzito kuliko unavyoonekana. Mchezaji anaudaka kwa wavu, anakimbia nao, anampasia mwenzake, anafunga goli. Mkono hauugusi mpira, isipokuwa wa kipa. Mchezo huu unaitwa lakrosi. Jina hilo ni la Wafaransa. Wenyewe wana majina yao, na mara nyingi huuita tu mchezo wa Muumba.

Fimbo ya asili ni ya mti wa hikori. Gogo linapasuliwa, mti unalainishwa kwa mvuke, unakunjwa kichwani mfano wa bakora, unaachwa ukauke kwa miezi, ndipo unachongwa na kusukwa wavu. Pale Onondaga alikuwepo fundi, Alf Jacques, aliyeianza kazi hiyo akiwa kijana pamoja na baba yake, akaifanya mpaka alipofariki mwaka 2023. Nilitamani nilete fimbo ya mti muishike. Nikakumbuka kwamba kwa mila yao fimbo ya mti ya mwanamume haiguswi na mwanamke, na humu ukumbini kina mama ndio wengi. Nikaona nikiwasalimia watu kwa kuvunja mwiko wao, hiyo si salamu. Kwa hiyo nimeleta hii ya plastiki, ambayo mabinti zao pia wanaichezea. Pokezaneni. Ianzie kwa wazee.

Mtoto wa kiume akizaliwa kwao hupewa fimbo ndogo. Mtu akifa anaweza kuzikwa na fimbo yake. Mgonjwa anaweza kuomba mchezo uchezwe kwa ajili yake, na wanaume wakatoka wakacheza, wala hakuna anayeuliza nani kashinda. Ni dawa. Mnaelewa ninachosema? Sisi tuliocheza ngoma za kumtibu mtu tunaelewa haraka kuliko wengine.

Wana hadithi. Zamani wanyama wa miguu minne waliwaalika ndege washindane nao mchezo huu. Upande wa wanyama alikuwepo dubu kwa nguvu zake, paa kwa mbio zake, kobe kwa uvumilivu wake. Upande wa ndege, tai, mwewe na bundi. Kabla mchezo haujaanza wakaja wadogo wawili, panya na kindi, wakaomba kucheza na wanyama. Wakachekwa. Dubu akasema nyie wadogo mno, ondokeni. Wakaenda kwa ndege. Ndege wakatazamana: hawa hawana mabawa, tutawafanyaje? Wakachukua ngozi ya ngoma wakakata vipande, wakamvisha panya, akawa popo. Ngozi ikaisha. Kindi wakamshika huku na huku wakaivuta ngozi yake mwenyewe mpaka ikatanuka, akawa yule kindi anayepaa kutoka mti hadi mti. Mchezo ukaanza. Mwishowe kindi akaudaka mpira, akampa popo, popo akakwepa huku, akakwepa kule, dubu hakumwona alikopita. Goli. Ndege wakashinda.

Sisi kwetu popo tunamsema vibaya. Tunasema si ndege, si mnyama, hana kwao. Wenzetu hawa popo huyo huyo ndiye aliyefunga goli la ushindi. Nilipoisikia hadithi hii mara ya kwanza nilikaa kimya muda mrefu. Miaka mingapi nimeitwa si wa huku wala si wa kule?

Sasa, hawa ni kina nani? Waonondaga ni taifa moja kati ya sita. Wamohawk, Waoneida, Waonondaga, Wakayuga, Waseneka, na mwishoni, karne ya 18, wakajiunga Watuskarora. Kwa pamoja wanajiita Haudenosaunee, watu wa nyumba ndefu. Wanasimulia kwamba walikuwa wakiuana wao kwa wao, damu haikauki, mpaka akaja Mleta Amani akawaunganisha chini ya sheria moja. Na wapi walipounganishwa? Hapo ziwani. Ziwa Onondaga, mnapopeleka watoto siku za joto. Ndipo silaha zilipozikwa chini ya mti wa msonobari. Kila mara nikipita pale nafikiria Kivu.

Mwaka 1779, wakati wa vita vya Wamarekani na Waingereza, George Washington alituma jeshi kwenye nchi yao. Vijiji zaidi ya 40 vilichomwa. Mahindi yalifyekwa shambani, miti ya matunda ilikatwa, ili wakirudi wakute njaa. Sihitaji kuwaeleza. Humu ndani kuna watu walioliona jambo hilo kwa macho yao, si mwaka 1779, bali juzi. Jina walilompa Washington kwa lugha yao maana yake ni mteketeza miji.

Miaka 15 baadaye, Novemba 1794, serikali hiyo hiyo ya Washington ilitia saini nao mkataba pale Canandaigua, ikikiri kwamba ardhi yao ni yao. Mkataba ule haujafutwa. Mpaka leo kila mwaka Marekani inawapelekea kitambaa, kama ilivyoahidi. Kitambaa chenyewe cha pamba, cha kawaida tu, na kila mtu hupata kipande kidogo. Kwa nini wanakipokea? Kwa sababu siku wasipokipokea, mwingine atasema mkataba umekufa. Mama zangu mnaotunza karatasi za UNHCR, shirika la wakimbizi, ndani ya soksi, kwenye begi, chini ya godoro, ninyi mnajua kipande cha kitu kinaweza kubeba nini.

Turudi kwenye mchezo. Wakoloni waliutazama, wakaupenda, wakaujifunza kutoka kwa wenyewe. Mwaka 1867 daktari mmoja wa meno wa Montreal, William George Beers, akachapisha kanuni zake. Wachezaji 12 kila upande, mpira wa raba, uwanja wenye mipaka. Hadi hapo hakuna ubaya. Ila ndani ya kanuni zile mlikuwa na sharti kwamba Mhindi, ndivyo walivyowaita wenyeji wa asili, asichezee klabu ya wazungu ila kwa makubaliano maalumu. Mwaka 1876 wakawachukua Wamohawk wa Kahnawake hadi Uingereza, wakacheza mbele ya Malkia Victoria pale Windsor. Walipigiwa makofi. Mwaka 1880, miaka minne tu baadaye, chama cha mchezo huo cha Kanada kikawafungia nje ya mashindano ya ubingwa. Sababu? Eti wanalipwa, na mchezo ni wa waungwana wasiolipwa. Mtu maskini analipwa nauli ili aje kucheza mchezo wa babu zake, kisha nauli ile inageuzwa kuwa kosa lake.

Waswahili wamesema mcheza kwao hutuzwa. Hawa walicheza kwao, wakafukuzwa.

Na Olimpiki? Mwaka 1904, St. Louis, lakrosi ilichezwa. Timu zilikuwa tatu: Wakanada wa Winnipeg wakachukua dhahabu, wenyeji wa St. Louis fedha, na Wamohawk shaba. Nendeni mtazame majina ya wale Wamohawk yalivyoandikwa kwenye kumbukumbu. Mmoja ameandikwa Mvua Usoni. Mwingine ameandikwa Mtu Anayeogopa Sabuni. Baba yake alimwita nani? Mama yake alimwita nani akimtuma maji? Hakuna aliyeuliza.

Nyoosheni mikono, msione haya. Wangapi humu ndani karatasi zinasema mmezaliwa tarehe 1 Januari? Tazameni wenyewe. Ukumbi mzima mikono iko juu. Karani alichoka, akaandika Januari 1, akasema anayefuata. Basi mmeshakutana na yule Mmohawk wa 1904. Ni ndugu yenu.

Baada ya hapo dunia ilicheza lakrosi bila wao kwa miongo mingi. Wao waliendelea kucheza kwao, mtaa kwa mtaa, ukoo kwa ukoo. Pale Onondaga alikuwepo kijana aliyeitwa Oren Lyons. Alikuwa kipa wa chuo kikuu cha Syracuse, hapo mlimani, kwenye timu ya 1957 ambayo haikufungwa mechi hata moja. Akaenda New York kufanya kazi ya kuchora, kisha akarudi nyumbani na kuwa mtunza imani wa taifa lake. Mwaka 1983 yeye na wenzake wakaunda timu moja ya mataifa yote sita. Hawakutaka kuchezea Marekani, hawakutaka kuchezea Kanada. Walisema, sisi ni nchi, tutacheza kama nchi. Mwaka 1987 shirikisho la dunia likawapokea. Ndiyo timu ya kwanza ya wenyeji wa asili kukubaliwa kushindana kimataifa kama taifa.

Mwaka 1990 wakaenda Perth, Australia, kwenye kombe la dunia. Timu zilikuwa tano. Wakashika nafasi ya tano. Vijana, lisikieni hilo vizuri. Walishika mkia kwenye mchezo waliouanzisha wenyewe. Wakarudi nyumbani, wakafanya mazoezi, wakaenda tena. Na tena. Mwaka 2014 pale Denver wakachukua medali ya shaba. Mwaka 2018 shaba. Mwaka 2023 shaba. Kwenye lakrosi ya ukumbini, ile inayochezwa ndani ya kuta, wamefika fainali ya dunia mara tano, 2003 hadi 2019, zote na Kanada. Hapo Denver 2014, kwa taarifa yenu, Uganda nao walikuwepo, timu ya kwanza ya Afrika kwenye kombe hilo.

Sasa nakuja kwenye jambo lililonifanya nisimame hapa. Pasipoti.

Timu hii husafiri kwa pasipoti ya Haudenosaunee. Kwa nini? Wazee wao wana mkanda wa shanga za kombe za baharini, mweupe, wenye mistari miwili ya zambarau. Mstari mmoja ni merikebu ya wazungu, mmoja ni mtumbwi wao. Vyombo viwili, mto mmoja, vinakwenda sambamba, na hakuna anayeshika usukani wa mwenzake. Mtu wa mtumbwini akisafiri kwa karatasi ya merikebu, ameshaingia merikebuni.

Mwaka 1923 chifu mmoja wa Wakayuga, Deskaheh, alisafiri kwa pasipoti ya watu wake hadi Geneva, kwenye Shirika la Mataifa, lile lililotangulia Umoja wa Mataifa, kudai kwamba Kanada inaingilia utawala wao. Kumbukeni ndilo shirika lile lile lililokuwa limeikabidhi Uingereza Tanganyika, na Ubelgiji Ruanda-Urundi, bila kumuuliza mwenye nyumba. Alibisha hodi zaidi ya mwaka. Uingereza ikahakikisha mlango haufunguliwi. Nchi nne zilijaribu kumtetea: Uajemi, Estonia, Panama na Ireland. Shikeni hiyo Ireland, nitairudia. Deskaheh alifariki mwaka 1925, hakusikilizwa.

Tuje 2010. Kombe la dunia, Manchester, Uingereza. Wachezaji 23 wako New York, mabegi yamefungwa. Uingereza inasema pasipoti zenu hatuzitambui, hatutoi viza mpaka Marekani iahidi kuwarudisha. Marekani nayo ikasita. Pasipoti zile zilikuwa zimejazwa kwa mkono, hazikuwa na vifaa vya usalama vinavyotakiwa siku hizi. Siku zikapita, hela ya hoteli ikaenda, msanii wa filamu James Cameron akawachangia dola 50,000 ili wasilale njaa wakisubiri. Mwishoni Hillary Clinton, aliyekuwa waziri wa mambo ya nje, akatoa ruhusa ya mara moja. Uingereza ikasema bado hapana. Na ni Uingereza hiyo hiyo iliyowapokea mwaka 1985 kwa pasipoti hizo hizo.

Waliambiwa: chukueni pasipoti za Marekani, tutawapa haraka, mpande ndege. Nawauliza ninyi, ninyi mliosubiri miaka kumi na tano, ishirini, kambini Nyarugusu, Tanzania, mkiomba karatasi, karatasi yoyote, kutoka kwa yeyote. Mngefanyaje?

Mimi ningechukua. Sisemi uongo mbele yenu. Ningeichukua na kuibusu. Niliwahi kurudishwa mpakani usiku, na mtoto mgongoni, kwa sababu ya muhuri mmoja uliofifia, na tangu siku hiyo pasipoti kwangu ni mlango tu. Kwa hiyo niliposoma kwamba vijana wale 23, wa miaka ishirini na kitu, waliofanya mazoezi miaka minne, walikataa na kurudi nyumbani bila kucheza, sikuwaelewa. Nilikasirika. Ilinichukua muda kuona kwamba sisi na wao hatujasimama mahali pamoja. Sisi tulikimbia, tukaomba kupokelewa, na tukipokelewa tunashukuru, na ni haki yetu kushukuru. Wao hawajakimbilia popote. Wako kwao. Mwenye nyumba ukimlazimisha aombe kibali cha kuingia sebuleni kwake, akikubali mara moja tu, kesho yeye ndiye mpangaji.

Na mcheza kwao akatuzwa? Septemba 2015 kombe la dunia la lakrosi ya ukumbini lilichezwa hapa, Onondaga, kwenye ukumbi wao. Mashindano ya dunia yakaandaliwa na wenyeji wa asili, juu ya ardhi yao. Timu 13 zikaja. Na wageni walipofika walipigiwa muhuri wa Haudenosaunee kwenye pasipoti zao. Pasipoti za Uingereza pia. Wengi wetu tulikuwa hapa hapa mjini, tukaenda kazini na kurudi, hatukujua.

Mwaka 2020 wakaachwa nje ya michezo ya dunia ya Birmingham, Alabama, eti hawana kamati ya Olimpiki. Watu wakapiga kelele, mlango ukafunguliwa, lakini nafasi zilikuwa zimejaa. Nani akatoka ili wao waingie? Ireland. Wachezaji wa Ireland walikuwa wamefuzu kwa haki, wakaiachia nafasi yao. Karibu miaka mia baada ya Geneva. Nilisema nitairudia.

Sasa lakrosi inarudi Olimpiki, Los Angeles, 2028. Kamati ya kimataifa ya Olimpiki imesema anayeingia ni mwenye kamati ya Olimpiki ya taifa inayotambuliwa. Wahaudenosaunee wachezee Marekani au Kanada. Rais Biden mwaka 2023 aliwaunga mkono, kanuni ikabaki pale pale. Nami nauliza: mwaka 2016, Rio, si kamati hiyo hiyo iliyounda timu ya wakimbizi? Si tulimwona Popole Misenga wetu wa Bukavu akipigana judo chini ya bendera ya Olimpiki kwa kuwa hana nchi ya kumbeba? Tulilia siku ile. Ikiwa njia ilipatikana kwa wasio na nchi, inakuwaje ikosekane kwa wenye nchi? Sisi ndio wenye haki ya kuliuliza hilo kuliko mtu yeyote. Kamati yetu ya hapa imeandaa barua ya kuwaunga mkono, iko mezani pale. Anayejua kuandika aweke jina, asiyejua aweke kidole gumba.

Na majina yaandikeni sawasawa, kama mama zenu walivyowaita.

Jumapili ijayo tunakwenda Onondaga kutazama watoto wao wakicheza. Basi litaondoka hapa saa saba mchana, halitasubiri. Kina mama wameahidi maandazi na sambusa, maana hatuwezi kwenda kusalimia mikono mitupu. Mzee wetu wa Fizi ndiye atakayetangulia kuzungumza, mimi nitatafsiri.

Fimbo naona imeshafika kule mlangoni. Vijana, endeleeni nayo, ila tokeni nje kwanza. Taa za humu si zetu.